Kusoma siasa na sera za Marekani ukazielewa: mwongozo kamili wa wiki 12

Wasomaji wengi wanaotaka kuielewa Marekani hukwama mahali pamoja. Huanza na habari za rais, kisha huhamia kwenye kitabu kinene cha historia ya vyama, na wakifika ukurasa wa sitini wamechoka. Bado hawawezi kujibu swali kama hili: kwa nini mwaka 2018 Rwanda ilipoteza msamaha wa ushuru kwa nguo peke yake, ilhali Burundi ilitolewa kwenye mpango mzima wa AGOA (sheria ya Marekani inayoruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia bila ushuru) kuanzia Januari 2016?

Gazeti halitakujibu swali hilo. Jibu limo ndani ya kifungu kimoja cha sheria, nawe utalipata ukijua pa kukitafuta na namna ya kukisoma. Kwa hiyo hapa mpangilio umegeuzwa: nyaraka zinatangulia, vitabu vinafuata, na swali la Rwanda na Burundi tutatembea nalo tangu mwanzo hadi mwisho.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Katiba ya Marekani iliyochapwa kwenye karatasi. Katiba ya awali ina maneno kama 4,500, na marekebisho yake 27 yanaongeza mengine kama 3,000. Karatasi 20 za A4 zinatosha. Chapa upande mmoja tu, upande wa pili uache kwa maelezo yako.

Daftari lenye safu tatu. Safu ya kwanza ni ya jina la waraka na namba ya kifungu. Ya pili ni ya maana yake kwa Kiswahili chako mwenyewe. Ya tatu ni ya swali moja: nani amepewa mamlaka au fedha hapa, na nani anaweza kumzuia? Safu hiyo ya tatu usiiache tupu hata siku moja. Serikali ya Marekani imejengwa kwa mikono inayozuiana, na anayesoma bila kuandika nani anamzuia nani huishia kudhani kwamba rais hufanya kila kitu.

Tovuti sita za serikali, zote bure. congress.gov ina miswada, kura, kumbukumbu za mijadala na ripoti za Congressional Research Service, ofisi ya utafiti ya Kongresi, yaani bunge la Marekani. uscode.house.gov ina sheria jinsi zilivyo sasa baada ya marekebisho yote. govinfo.gov ina nakala rasmi. federalregister.gov ni gazeti la serikali. cbo.gov, ya CBO, ofisi ya bajeti ya Kongresi, ina makadirio ya gharama. supremecourt.gov ina hukumu.

Bando la kutosha, lakini si kubwa. Kwenye congress.gov kila muswada unapatikana kwa PDF na pia kwa maandishi matupu ya TXT. Chukua TXT. Ni nyepesi, inafunguka kwenye simu yoyote, na unaweza kutafuta neno ndani yake bila programu ya ziada.

Saa 5 kwa wiki, kwa vipindi visivyopungua saa moja na nusu. Waraka wa kisheria hufafanua maneno yake mwanzoni na kuyatumia mbali kule mbele. Ukisoma kwa dakika kumi na tano, utakuwa umesahau ufafanuzi kabla hujafika unapohitajika.

Kitabu usinunue bado.

## Maneno yanayowapotosha wasomaji wetu

Kiingereza cha Kongresi si kile cha Bunge la Dodoma au la Nairobi. Kwetu hati ikiwekwa mezani maana yake imewasilishwa. Kule, hoja ikiandikwa kuwa imekuwa "tabled", imewekwa kando, na mara nyingi ndiyo imekufa. Wapo wanaoandika makala nzima wakishangilia muswada "uliowasilishwa" kumbe umezikwa.

"Secretary" ni waziri, si katibu. "Department" ni wizara, si idara. "Administration" ni serikali ya rais aliyepo madarakani. Mashine za kutafsiri hukosea maneno haya karibu kila mara, kwa hiyo yaandike kwenye jalada la ndani la daftari lako.

Jambo la mwisho ni namba. Kila Kongresi huishi miaka miwili. Ya 119 ilianza tarehe 3 Januari 2025. Muswada ambao haujapita muda huo unapokwisha hufa, na anayeutaka huuwasilisha upya kwa namba mpya. Namba ya muswada bila namba ya Kongresi haina maana yoyote. H.R. 434 (yaani muswada namba 434 wa Baraza la Wawakilishi) ya Kongresi ya 106 ndiyo iliyozaa AGOA; H.R. 434 ya Kongresi nyingine ni kitu kingine kabisa.

## Hatua ya 1: Chagua sheria moja utakayoifuata

Chagua sheria inayogusa maisha unayoyajua. Tatu zinawafaa wasomaji wa Afrika Mashariki:

- AGOA ya mwaka 2000, iliyofungua soko la Marekani bila ushuru kwa bidhaa nyingi za Afrika Kusini mwa Sahara. Ni Public Law 106-200.
- PEPFAR ya mwaka 2003, mpango wa kupambana na UKIMWI. Ni Public Law 108-25.
- Bahati nasibu ya visa, ile ya green card, iliyotokana na sheria ya uhamiaji ya mwaka 1990. Ni Public Law 101-649.

Namba hizo husomeka hivi: 106-200 ni sheria ya 200 iliyopitishwa na Kongresi ya 106.

Sababu ya kuchagua moja ni kwamba siasa za Marekani ni pana mno kusomwa kwa jumla, lakini sheria moja hupita kwenye kila chombo: kamati, Baraza la Wawakilishi, Seneti, rais, wizara na wakati mwingine mahakama. Ukiifuata hiyo moja, umeiona mitambo yote ikifanya kazi.

Onyo: usichague bima ya afya wala kodi ya mapato kwa mara ya kwanza. Ni mada nzuri, ila sheria zake zina mamia ya kurasa na zinarejea kwenye sheria nyingine nyingi. Utakata tamaa wiki ya tatu.

Utajua umefaulu ukiweza kuandika swali lako kwa sentensi moja yenye alama ya kuuliza. "Nataka kuijua AGOA" si swali.

## Hatua ya 2: Soma Katiba kwa mpangilio huu (wiki ya 1)

Usianze na utangulizi ukaenda mpaka mwisho. Anza na Ibara ya I, vifungu vya 7, 8 na 9. Cha 7 kinaeleza jinsi muswada unavyokuwa sheria: lazima upite mabaraza yote mawili, kisha upelekwe kwa rais, naye akiukataa kwa kura ya turufu, theluthi mbili ya kila baraza inaweza kumshinda. Cha 8 kinaipa Kongresi mamlaka ya kutoza ushuru na kusimamia biashara na mataifa ya nje. Cha 9 kinasema fedha haitoki Hazina ila kwa sheria.

Kisha soma Ibara ya II, vifungu vya 2 na 3, halafu Ibara ya III. Malizia na Marekebisho ya 1, 10 na 14. Yale mengine yatasubiri.

Linganisha urefu wa Ibara ya I na wa Ibara ya II. Waandishi wa 1787 waliipa Kongresi nafasi kubwa zaidi ya rais, nayo inakuja kwanza. Mtu aliyezoea habari za televisheni hushtuka hapa, na mshtuko huo ni wa kheri.

Onyo: mambo matatu makubwa hutayaona ndani ya Katiba hata ukitafuta usiku kucha: vyama vya siasa, kamati za Kongresi, na zile kura 60 ambazo Seneti huzihitaji kufunga mjadala wa miswada mingi. Za mwisho zinatokana na kanuni za Seneti yenyewe. Bila kujua hilo utashindwa kuelewa kwa nini muswada wenye maseneta 55 kati ya 100 unaweza kukwama.

Utajua umefaulu ukiweza kujibu bila kufungua karatasi: mamlaka ya ushuru ni ya nani kwa asili? Jibu ni Kongresi. Sasa swali la Rwanda linakuwa gumu zaidi, maana aliyeisimamisha Rwanda alikuwa rais. Aliyapata wapi mamlaka hayo?

## Hatua ya 3: Makala nne za Federalist, basi (wiki ya 2)

Makala za Federalist ni 85. Ziliandikwa mwaka 1787 na 1788 na Alexander Hamilton, James Madison na John Jay, kwa jina la Publius. Soma namba 10, 51, 70 na 78. Namba 10 inazungumzia makundi yenye maslahi yao, 51 mgawanyo wa madaraka, 70 sababu za kuwa na rais mmoja mwenye nguvu, na 78 mahakama.

Ni Kiingereza cha kale chenye sentensi ndefu. Soma kwa sauti, ukisimama kwenye kila nukta-mkato. Makala moja kwa kipindi kimoja inatosha.

Onyo: hizi si sheria. Ziliandikwa kuwashawishi watu wa New York waikubali Katiba. Zisome kama hoja za mawakili wenye akili sana walio upande mmoja wa kesi.

## Hatua ya 4: Soma sheria yenyewe (wiki ya 3 na ya 4)

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kwanza, hakikisha una nakala sahihi. Muswada mmoja huwa na matoleo kadhaa kwenye congress.gov. Lenye alama IH ni lile lililowasilishwa Baraza la Wawakilishi. EH ni lililopitishwa na Baraza hilo. ENR ni lile ambalo mabaraza yote mawili yamekubaliana na linakwenda kwa rais. Anayenukuu IH ananukuu matumaini ya mtu mmoja. Miswada mingi inayowasilishwa haifiki popote.

Pili, tofautisha sheria ilivyopitishwa na sheria ilivyo sasa. Sheria ya AGOA ya mwaka 2000 iliweka mwisho wa msamaha kuwa 30 Septemba 2008. Mwaka 2004 ukasogezwa hadi 2015, na mwaka 2015 ukasogezwa hadi 30 Septemba 2025. Ukisoma Public Law 106-200 peke yake utapata tarehe iliyokwisha kupitwa zamani. Dawa yake ni uscode.house.gov, ambako marekebisho yameshaunganishwa. Sehemu kubwa ya AGOA iko kwenye juzuu ya 19, kuanzia kifungu cha 3701; sehemu nyingine muhimu iko kifungu cha 2466a.

Sheria za marekebisho zenyewe huandikwa kwa mtindo unaochosha: futa maneno haya, weka yale. Ile ya 2015, Public Law 114-27, imejaa mistari ya namna hiyo. Usijaribu kuisoma kama hadithi. Fungua sheria ya zamani dirisha moja na ya marekebisho dirisha la pili, kisha fanya mabadiliko kwa kalamu kwenye karatasi yako. Saa moja ya kazi hiyo itakufundisha kuliko mihadhara kadhaa.

Tatu, anza na fasili, kisha tafuta vitenzi. Pigia mstari kila "shall" na kila "may". "Shall" ni amri: lazima afanye. "May" ni ruhusa: anaweza, akitaka. Tafuta pia neno "notwithstanding", linalomaanisha kwamba kifungu hiki kinashinda vingine vinavyopingana nacho. Maneno hayo matatu yanabeba sehemu kubwa ya ugomvi wa kisiasa wa Washington.

Sasa tulitumie hilo kwenye swali letu. Kifungu cha 3703 kinasema rais anaweza kuiteua nchi ikiwa imeanzisha, au inapiga hatua zisizokatika kuelekea kuanzisha, mambo kama uchumi wa soko, utawala wa sheria, vita dhidi ya rushwa, ulinzi wa haki za wafanyakazi na kuondoa vizuizi dhidi ya bidhaa na mitaji ya Marekani. Kifungu cha 2466a kinaongeza kuwa rais akiona nchi haipigi hatua hizo, "shall": lazima aufute uteuzi wake, na hatua hiyo ianze tarehe 1 Januari ya mwaka unaofuata. Ndiyo sababu Burundi ilitoka Januari 2016, na Uganda ilitoka Januari 2024. Tarehe hizo hazikuchaguliwa na mtu, zimeandikwa.

Rwanda je? Sheria ya 2015 iliongeza aya mpya kwenye kifungu hicho cha 2466a. Inasema rais "may" kuondoa, kusimamisha au kupunguza msamaha kwa bidhaa fulani tu, akiona njia hiyo itaifanya nchi itii masharti vizuri kuliko kuifukuza kabisa. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikuwa zimepanga kupandisha ushuru wa mitumba. Mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani kikapeleka malalamiko. Rwanda ikashikilia msimamo. Na mwishoni mwa Julai 2018 nguo zake zikasimamishwa. Aya hiyo isingekuwepo, chaguo la kuiadhibu kwa nguo tu lisingekuwepo mbele ya rais.

Kinachoharibika hapa: msomaji huchukua muhtasari wa habari kuwa ndio sheria. Ripoti za Congressional Research Service ni msaada mzuri, zinaandikwa kwa ajili ya wabunge wenyewe na ziko wazi kwa umma tangu 2018. Zisome, ila baada ya kujaribu kifungu mwenyewe, la sivyo hutajua ripoti imeacha nini.

Utajua umefaulu ukiweza kumwonyesha mtu kwa kidole neno lililoamua jambo lako.

## Hatua ya 5: Fuata fedha (wiki ya 5)

Marekani hutenganisha sheria inayoanzisha mpango na sheria inayotoa fedha. Ya kwanza huweka kiwango kinachoruhusiwa. Ya pili ndiyo inayofungua Hazina. PEPFAR ni darasa zuri. Sheria ya 2003 iliruhusu dola bilioni 3 kila mwaka kwa miaka 5, jumla bilioni 15, na magazeti yakaandika bilioni 15 kana kwamba zimeshalipwa. Mwaka wa kwanza Kongresi ilitoa pungufu ya zile 3.

Kwa hiyo ukiona kiasi chochote, uliza: kimeruhusiwa, au kimetolewa? Fedha za mwaka hupangwa kwa miswada 12 ya matumizi, na mwaka wa fedha huanza 1 Oktoba. Miswada ikichelewa, Kongresi hupitisha azimio la muda la kuendeleza matumizi. Likikosekana hilo nalo, ofisi nyingi za serikali hufungwa.

Onyo kuhusu makadirio ya CBO: mara nyingi hujumlisha miaka 10. Wasomaji huchukua jumla hiyo na kuiandika kama gharama ya mwaka mmoja, na hesabu yote inavimba mara kumi. Angalia kichwa cha jedwali kabla ya kunakili namba. Tena CBO haisemi muswada ni mzuri au mbaya. Kazi yake ni gharama.

Kumbuka pia kuwa zaidi ya nusu ya matumizi ya serikali kuu, yakiwemo pensheni za Social Security na matibabu ya wazee ya Medicare, hayapitii miswada hiyo 12. Yanalipwa kwa mujibu wa sheria za kudumu hadi sheria hizo zibadilishwe. Mtu anayesema Kongresi ipige kura tu kupunguza bajeti ya mwaka huwa hajaliona fungu hilo kubwa.

## Hatua ya 6: Kanuni na matangazo (wiki ya 6)

Sheria nyingi hazitekelezeki hadi wizara itunge kanuni. Kanuni pendekezwa hutangazwa kwenye Federal Register, umma hupewa muda wa kutoa maoni, kisha hutoka kanuni ya mwisho. Hapo hapo hutangazwa matangazo ya rais, na ndipo utakapoyakuta yale ya Burundi, Rwanda na Uganda.

Soma mambo mawili tu kwa kila tangazo: aya inayotaja kifungu cha sheria kinachotumika, na tarehe ya kuanza. Ikiwa tangazo halitaji kifungu, andika alama kubwa ya kuuliza kwenye safu ya tatu.

## Hatua ya 7: Hukumu mbili za Mahakama ya Juu (wiki ya 7)

Anza na INS v. Chadha ya mwaka 1983; INS ilikuwa mamlaka ya uhamiaji ya Marekani. Ina uhusiano na kwetu: Chadha alizaliwa Kenya, mwenye asili ya Kihindi na pasi ya Uingereza. Alikwenda Marekani kusoma, visa yake ikaisha mwaka 1972. Jaji wa uhamiaji alikubali asifukuzwe, lakini Desemba 1975 Baraza la Wawakilishi peke yake likapiga kura kukataa, kwa sababu sheria ya wakati huo iliruhusu baraza moja kutengua uamuzi wa namna hiyo.

Mahakama ikasema, kwa majaji 7 dhidi ya 2, kwamba utaratibu huo unavunja Katiba. Uamuzi wa kubadilisha haki za mtu nje ya Kongresi ni kazi ya kutunga sheria, na sheria lazima ipite mabaraza yote mawili na kwa rais, kama Ibara ya I, kifungu cha 7 kinavyotaka. Fungua karatasi yako ya wiki ya kwanza. Kifungu ni kile kile.

Isome hivi:

1. Ruka muhtasari wa mwanzo. Huandaliwa na ofisi ya Mahakama na si sehemu ya hukumu. Kuunukuu kama maneno ya jaji ni kosa la kawaida sana.
2. Soma maelezo ya kesi, uyaandike kwa sentensi tano.
3. Tafuta swali la kisheria. Mara nyingi huanza kwa kusema kilichoko mbele ya Mahakama.
4. Soma hukumu ya wengi, iliyoandikwa na Jaji Mkuu Burger.
5. Mwisho kabisa soma maoni ya Jaji White aliyepinga. Anaeleza kuwa karibu vifungu 200 vya sheria mbalimbali vilikuwa na utaratibu huo. Hapo unaiona gharama ya uamuzi.

Sasa unaelewa pia kwa nini baraza moja haliwezi kutengua tangazo la rais kuhusu AGOA. Kongresi ikitaka kulitengua lazima ipitishe sheria kamili, na rais yule yule anaweza kuikataa. Mamlaka yakishatolewa kwa "may", kuyarudisha ni kazi ngumu.

Hukumu ya pili ni Youngstown ya 1952, Rais Truman alipovishika viwanda vya chuma wakati wa vita vya Korea na Mahakama ikamzuia. Soma maoni ya Jaji Jackson peke yake. Anapanga nguvu za rais kwa ngazi tatu: akiwa na ruhusa ya Kongresi, Kongresi ikiwa kimya, na akienda kinyume nayo. Ngazi hizo zinatumika kwenye mabishano hadi leo.

## Hatua ya 8: Sasa vitabu (wiki ya 8 hadi ya 11)

Vinne, kwa mpangilio huu. Toleo la zamani la maktaba linatosha.

David Mayhew, Congress: The Electoral Connection, 1974. Ni kifupi na kikali. Hoja yake ni kwamba ukimchukulia mbunge kama mtu anayetafuta kuchaguliwa tena na hana lengo jingine, utaeleza mengi: atajitangaza, atadai sifa za mafanikio, na atatoa misimamo. Onyo: kinaeleza Kongresi ya wakati ambapo viongozi wa vyama hawakuwa na nguvu walizo nazo sasa. Hoja ipokee, lakini picha ya Kongresi isasishe.

John Kingdon, Agendas, Alternatives, and Public Policies, 1984. Anauliza kwa nini jambo fulani linashika ajenda leo na si jana. Anaona mikondo mitatu: matatizo, mapendekezo ya suluhisho na hali ya kisiasa. Inapokutana, dirisha hufunguka kwa muda mfupi. Soma ukiwa na sheria yako mkononi, uandike kila mkondo ulikuwa nini.

Jeffrey Pressman na Aaron Wildavsky, Implementation, 1973. Kwa msomaji wetu, hiki ndicho chenye thamani kubwa kuliko vyote. Mwaka 1966 serikali kuu ilitangaza mamilioni ya dola kwa ajili ya ajira mjini Oakland, California. Wote walikubaliana, fedha zilikuwepo, na bado ajira zilizopatikana zilikuwa chache mno. Waandishi wanahesabu vituo vya maamuzi ambavyo mpango ulipaswa kupita, na kuonyesha kuwa hata kila kituo kikiwa na nia njema, ucheleweshaji hujilimbikiza. Anayesimamia mradi wowote wa wafadhili Dodoma, Kigali au Bukavu atajikuta humo.

W. E. B. Du Bois, Black Reconstruction in America, 1935. Ni kikubwa, kurasa zaidi ya 700. Kwa sasa soma sura ya mgomo mkuu wa watumwa na ile ya mwisho, kuhusu propaganda ya historia. Bila hiki, Marekebisho ya 14 yatabaki maneno makavu, na ugomvi wa majimbo na serikali kuu utauona kama suala la utaratibu tu.

Tocqueville mwache kwa baadaye. Wengi huanza naye kwa sababu jina lake ni kubwa, lakini aliandika juu ya Marekani ya miaka ya 1830, na anayeanza hapo hukosa pa kuyashikiza mawazo yake.

Onyo la vitabu vya sera kwa jumla: kitabu kilichochapwa kabla ya Juni 2024 kitakufundisha kwamba mahakama hukubali tafsiri ya wizara pale sheria inapokuwa na utata, kwa mujibu wa hukumu ya Chevron ya 1984. Tarehe 28 Juni 2024, katika kesi ya Loper Bright, Mahakama ya Juu iliitengua hukumu hiyo. Kata mstari kwenye sura hiyo, uandike tarehe pembeni.

## Hatua ya 9: Andika ukurasa mmoja (wiki ya 12)

Aya tano, kwa Kiswahili. Ya kwanza swali lako. Ya pili kifungu kinachotawala, na neno lililoamua. Ya tatu nani alitumia mamlaka hayo na lini. Ya nne fedha: iliyoruhusiwa na iliyotolewa, au ushuru uliosamehewa. Ya tano nani angeweza kuzuia, na kwa nini hakuzuia.

Aya ya tano ikikushinda, rudi hatua ya 4 na ya 7. Tatizo huwa limeanzia huko. Ukijikuta umeandika "Marekani iliamua", futa. Marekani haiamui kitu. Ni kamati, baraza, rais, wizara au mahakama iliyoamua, na jina lake lazima litokee.

Kisha mpe mtu asiyefuatilia siasa hizo asome. Akiuliza "kwa hiyo nani anaweza kulibadilisha hili?" na jibu limo ndani ya ukurasa, kazi imekamilika. Baada ya hapo jipe zoezi moja bila kutumia gazeti lolote: tafuta kwenye congress.gov miswada yote iliyowasilishwa kuhusu AGOA kuelekea na baada ya 30 Septemba 2025, andika kila mmoja ulifika kamati gani, toleo gani na kura ngapi, na umalizie kwa kifungu cha 2466a jinsi kinavyosomeka siku unayokifungua.